Kisa cha Perege, Kuku na Gunia la Mchele

Tangi la samaki liliingia nyumbani kwetu Kimara, Dar es Salaam, juu ya guta, vijana wakilisukuma kwa zamu kupanda kilima, na kabla halijashushwa majirani walikuwa wameshalipangia kazi. Mmoja alisema tumechoka kugombea maji ya bomba, sasa tunaweka akiba ya mwaka mzima. Mwingine alisema tunafungua kioski cha maji. Mume wangu akawaeleza kwamba humo watakaa perege, jirani yao itaota mboga, na maji yatazunguka yale yale kutoka kwa samaki kwenda kwenye mboga na kurudi. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka kisiwa cha Ukerewe kusaidia maandalizi ya kipaimara cha mjukuu wake, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na hewa yao itatoka wapi?"

Siku ile hakuna aliyemjibu. Tangi lilikuwa zito na jua lilikuwa kali.

Mfumo huu wa samaki na mboga huitwa akuaponiki. Samaki akila, mwili wake hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua. Amonia ikijikusanya majini huua. Lakini kwenye kokoto zenye unyevu huzaliana bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti, na wenzao huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo ni mbolea ya mchicha. Mboga zikishanyonya, maji hurudi tangini yakiwa safi. Kwa mtaa kama wetu, ambako maji ya bomba huja kwa ratiba, hesabu hiyo inavutia sana: maji yanayopungua ni yale yanayonywewa na mboga na yanayokaushwa na jua. Tulianza na tangi la lita 1,000, vifaranga themanini wa perege, na kitanda kimoja kirefu cha kokoto.

Kiwanja chetu kimeinama, kama vilivyo viwanja vingi vya Kimara. Nyumba na stoo viko upande wa chini, uwanja uko katikati, na juu kabisa, penye jua la kutosha, kuna banda la kuku la tofali lililofunikwa kwa zege. Fundi wa kwanza aliona juu ya zege lile ndipo mahali pa mboga. Kitanda cha kokoto kikapandishwa juu ya vichwa vya kuku, mita mbili na ushei kutoka usawa wa maji ya tangi. Ili maji yafike huko, muuzaji mmoja wa Kariakoo alitupa pampu ya kuzamisha ya wati 90, na fundi akaifungia bomba la nusu inchi lenye elibo saba, likipinda kufuata kuta za banda. Pampu hiyo moja ilibebeshwa kila kitu. Ilipandisha maji, ikayapitisha kwenye kokoto yachujwe, na maji yaliporudi tangini kwa kishindo yaliingia na hewa. Ikifanya kazi, samaki walipumua. Ikisimama, haikuwa na wa kuipokea.

Miezi ya mwanzo ilitupa raha. Mchicha uliota kwa kasi ambayo hatujawahi kuiona kwenye udongo wetu mwekundu. Matembele yalitambaa hadi yakaning'inia mbele ya mlango wa banda, na majogoo wakawa wanayadonoa yakiwa bado shinani. Binti yetu ndiye aliyekuwa mlishaji, na perege walizijua hatua zake. Akikaribia tu, maji yalichemka kwa mikia. Mama mkwe aliweka kigoda chake karibu na tangi, akawa anachambulia mboga hapo kila jioni. Alisema sauti ya maji inamkumbusha nyumbani.

Ndipo uniti zikaanza kuyeyuka.

Umeme tuliozoea kuununua wa mwezi mzima ukawa unatuachia njiani, katikati ya mwezi. Nyumba ikaingia kwenye kutuhumiana. Mume wangu alilitazama friji langu. Mimi nikamtajia mpira wa usiku kwenye runinga. Binti akamsema kaka yake kwamba anapiga pasi sare hata Jumamosi. Kijana naye, aliye kidato cha tatu, hakujibu neno. Alichukua daftari, akazima kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa pampu, akakaa mbele ya mita. Kwenye mita yetu kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na imeandikwa pale kwamba kikipepesa mara 1,000, uniti moja imeondoka. Nusu saa baadaye aliingia sebuleni na kusoma alichoandika. Kitaa kilikuwa kimepepesa mara 45. Kwa saa moja ni mara 90. Kwa siku nzima ni mara 2,160, yaani uniti mbili na ushei. Kwa mwezi, pampu peke yake ilikuwa inakula karibu uniti 65, wakati friji, taa, runinga na pasi kwa pamoja vilikuwa vikila kama 48.

Uzito wa jambo hili unajulikana na kila mwenye LUKU, mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Kwa bei za Tanzania Bara, nyumba yenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hupewa bei nafuu. Ikivuka hapo, bei ya uniti inapanda zaidi ya mara mbili. Sisi tulikuwa ndani ya mstari, na pampu ilitutoa nje. Mboga tulizokuwa tunavuna bure zilikuwa zinalipiwa ukutani.

Baraza la nyumba likakaa. Mume wangu akatoa hoja kwamba usiku hakuna jua, mboga hazikui, na samaki nao wamelala. Basi pampu izimwe saa nne usiku na kuwashwa kukicha. Hoja ilisikika vizuri, hasa kwa masikio yaliyochoka kusikia mita ikilia. Mama mkwe peke yake ndiye aliyetikisa kichwa. "Samaki hulala, mwanangu," alisema, "lakini haachi kupumua." Kisha akanyamaza, kwa kuwa hii ni nyumba ya mwanawe na hakutaka ionekane anaitawala.

Siku za kwanza hazikuleta neno. Baadaye likaja joto, lile la Dar es Salaam la kabla ya mvua, na perege walikuwa wameshanenepa. Jioni moja walilishwa vizuri kuliko kawaida, wageni wakishangilia kando ya tangi. Pampu ikazimwa, watu wakalala.

Saa kumi alfajiri tuliamshwa na sauti ya mama mkwe uani. "Amkeni! Sato wanakufa!" Kwao perege ni sato. Tulitoka kila mtu na alichokishika, mimi na khanga, kijana na tochi ya simu. Perege wote walikuwa juu, midomo nje ya maji, wakifungua na kufunga. Wachache walikuwa wamelala ubavu. Mume wangu alikimbilia swichi ya pampu, akabonyeza, kimya. Uniti zilikuwa zimeisha usiku ule ule. Akaanza kununua kwa simu, na namba za tokeni zikakawia kufika.

Mama mkwe hakungoja namba. "Leteni ndoo! Chota, mwaga! Mwaga kutoka juu!" Kijana alipanda juu ya kigoda, akawa anapokea ndoo na kuzimimina kutoka juu ya kichwa chake. Binti alichota kwa sufuria. Bibi alinyoosha mkono akaniambia nilete chujio la plastiki la jikoni, akalishika juu ya tangi na kuamuru maji yamiminwe ndani yake. Yalianguka kama mvua ya rasharasha, na pale yalipoangukia ndipo samaki waliposongamana. Tulichota hadi mikono ikafa ganzi, hadi adhana ikapita, hadi majogoo wakamaliza kuwika. Tokeni zilipofika na pampu ikanguruma, tayari perege wengi walikuwa wamezama tena na kuogelea wima. Saba tuliwafukia chini ya mpapai.

Asubuhi ile, kabla ya chai, kijana alifanya hesabu nyingine, na hiyo nataka kila mfugaji wa nyumbani aijue. Maji ya nyuzi 28, hata yakijaa hewa kadiri yanavyoweza, hubeba miligramu 7.8 tu za oksijeni kwa lita. Tangi letu lote la lita 1,000 basi lilikuwa na oksijeni isiyofika gramu 8, uzito wa vijiko viwili vya chai vya sukari. Samaki wetu walikuwa na kilo kama 12 kwa jumla, na kilo moja ya perege walioshiba hutumia takribani miligramu 200 hadi 300 kwa saa. Hiyo ni kama gramu 3 kila saa kwa samaki pekee. Bakteria nao hupumua: kugeuza gramu moja ya naitrojeni iliyo kwenye amonia kuwa nitreti huhitaji zaidi ya gramu 4 za oksijeni. Na mwani unaoyafanya maji kuwa ya kijani, ambao mchana hutoa oksijeni, giza likiingia huanza kuitumia. Joto nalo huongeza taabu, kwa kuwa maji ya nyuzi 25 hushika miligramu 8.3 kwa lita na ya nyuzi 30 hushika 7.6 tu. Ndiyo maana saa mbaya kuliko zote ni zile za kabla ya mapambazuko. Perege ni mvumilivu kuliko samaki wengi. Samaki mwingine tungemkuta amekwisha.

Mama mkwe hakuwa na haja ya miligramu. Alituambia kwamba kwao ziwani, dhoruba ikivuruga maji, yale ya chini hupanda juu, na maji ya chini hayana hewa. Wavuvi wakikuta samaki wakubwa wanaelea bila jeraha hujua kilichotokea. Mwaka 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi kwa sababu ya aina hiyo hiyo, oksijeni kupungua majini. Ziwa Victoria lenye upana wote ule hukosa pumzi. Tangi la uani litakosaje?

Wiki ile ile tulinunua pampu ya hewa. Ni kifaa kidogo kinachopuliza hewa kwenye mpira mwembamba hadi kwenye jiwe lenye vitundu, na jiwe hutoa mapovu. Watu hudhani oksijeni yote huingia kutoka ndani ya mapovu. Sehemu huingia hivyo, na mapovu madogo hufanya kazi hiyo vizuri kuliko makubwa, lakini faida kubwa ni kwamba mapovu yakipanda huvuta maji ya chini na kuyaleta juu, yakutane na hewa ya wazi. Uso wa maji unaochezacheza hupumua, uliotulia hudumaa. Mapovu yalipoanza, samaki walitawanyika tangi zima, na mama mkwe akasema sasa anaweza kulala.

Ila mvua zilikuwa zinakaribia, na kifaa kile hakitaki kulowa. Mume wangu akakiweka mahali salama kuliko pote alipopajua: sakafuni ndani ya stoo, akapitisha mpira dirishani hadi kwenye tangi. Stoo yetu iko upande wa chini wa kiwanja. Na ndani ya stoo, siku hizo, kulikuwa na gunia la mchele wa Kyela, kilo mia moja, lililonunuliwa kwa ajili ya kipaimara.

Huu ulikuwa wakati wa mgao wa umeme ulioanza Septemba 2023. Usiku mmoja umeme ulikatika. Pampu ya hewa ikanyamaza, na hewa iliyokuwa ikiyasukuma maji nje ya mpira haikuwepo tena. Maji yakaingia kwenye jiwe, yakapanda ndani ya mpira, yakavuka ukingo wa tangi na kuteremka dirishani hadi kwenye pampu, kwa kuwa pampu ilikuwa chini ya usawa wa maji ya tangi. Yakishaanza kuteremka hivyo hayahitaji umeme. Yalipita ndani ya kifaa, yakamwagika sakafuni, taratibu, usiku kucha.

Binti ndiye aliyefungua mlango wa stoo akienda kuchukua unga wa uji. Alisimama kizingitini na kuita, "Mama, stoo imekuwa bwawa!" Gunia lilikuwa limesimama kwenye maji ya vifundo vya miguu, likinywa. Uani, tangi lilikuwa limeshuka hadi usawa wa jiwe la hewa, na perege walibanana kwenye kimo cha maji kilichobaki. Kilichowaokoa ni kwamba jiwe lilikuwa limetundikwa katikati ya kimo cha tangi. Lingelazwa sakafuni, maji yangetoka karibu yote.

Sitaeleza maneno yote yaliyosemwa asubuhi ile. Kipaimara kilikuwa kimebakiza wiki chache, na mchele ulikuwa umechangiwa na ndugu. Mume wangu alibeba maji kwa ndoo kuongeza tangi, macho yake yakikwepa dirisha la stoo. Mama mkwe ndiye aliyeleta amani. Alifungua gunia kwa juu, akachota mchele mkavu na kuuweka kwenye ndoo zenye vifuniko. Uliopata unyevu bila kuguswa na maji aliuanika juu ya mkeka. Wa chini kabisa, uliolowa maji ya samaki, aliubeba mwenyewe hadi kwenye banda la kuku. "Hawa wamebeba kokoto kichwani mwaka mzima," alisema. "Nao wapate cha kwao." Kuku walikula mchele ule kwa siku nyingi, na majirani wakapata mayai.

Dawa ya mkasa ule ni rahisi na haigharimu kitu kikubwa. Pampu ya hewa hutundikwa juu ya usawa wa maji, ndani ya kiboksi cha kuikinga na mvua, na kwenye mpira wake hufungwa kivalvu cha plastiki kinachoruhusu hewa kwenda na kuzuia maji kurudi. Vyote viwili vifanyike, si kimoja. Pampu ya kwanza iliyokufa kwa kunywa maji tuliiweka kando, tukachukua nyingine ya volti 12, wati 15, inayokula moja kwa moja kwenye betri. Betri ya Ah 50 ina wati-saa 600. Tukitumia nusu yake tu ili isizeeke mapema, ni wati-saa 300, na hizo humpulizia perege hewa kwa saa 20 bila gridi. Chaja huijaza umeme ukiwepo. Baadaye tuliongeza paneli ya sola ya wati 100 juu ya banda.

Ilibaki ile pampu ya wati 90 na uniti zake 65. Kijana alirudi kwenye daftari. Kunyanyua lita 2,000 za maji kwa saa hadi mita 2.2 ni kazi ya wati 12 tu ukipiga hesabu ya fizikia. Nyingine 78 zilikwenda wapi? Sehemu ilipotea kwenye mota, ikageuka joto na kuyapasha maji ya samaki, ambayo yakipata joto hushika hewa kidogo zaidi. Sehemu ilipotea kwenye bomba jembamba na zile elibo saba. Bomba hula nguvu kwa msuguano, na msuguano huo hukua kwa kasi ya kutisha kadiri bomba linavyopungua: ukipitisha maji yale yale kwenye bomba lenye nusu ya upana, hasara hufika karibu mara 32. Na kimo chenyewe, mita mbili za kupanda, kilikuwa ni kodi tuliyojitoza kila saa kwa sababu tu jua lilikuwa juu ya kuku.

Uamuzi ukawa kukishusha kitanda. Jumamosi ile ilikusanya ukoo. Shemeji walikuja, vijana wa jirani wakaja, na kokoto zikashuka ndoo kwa ndoo. Tulikiweka kitanda kando ya tangi juu ya tofali, mti uliokuwa unatia kivuli ukapunguzwa matawi, na maji yakawa yanapanda chini ya mita moja. Bomba likabadilishwa kuwa la inchi moja na robo, fupi, lenye kona mbili tu, tena za mviringo. Pampu ikawa ya wati 35. Juu ya tangi lenyewe tukatandaza neti ya kivuli ili maji yasichemke na mwani usitawale. Bomba la kurudisha maji tulilitoboa vitundu vingi, maji yaanguke kwa matone, kama chujio la jikoni lilivyotufundisha.

Jambo moja halikuwa kwenye daftari. Kitanda kilikuwa sasa kwenye kimo cha kuku. Kesho yake waliachiwa kutembea, kama kawaida, na tulipotoka kanisani tulikuta miche yote ya mchicha imechakurwa, jogoo mkubwa amesimama katikati ya kokoto na mitetea wanaoga vumbi pembezoni. Mama mkwe aliyewatetea wiki chache tu kabla ya hapo ndiye aliyewafukuza kwa ufagio. Jioni ile ile wavu ulifungwa kuzunguka kitanda.

Pampu mpya tuliifungia saa ya kuwasha na kuzima: nusu saa inafanya kazi, nusu saa inapumzika. Hii haiwadhuru samaki kwa kuwa hewa yao haitegemei maji tena. Kitanda nacho kinanufaika. Maji yakijaa huloanisha kokoto zote, na yakishuka huvuta hewa mpya hadi chini, kwenye mizizi na kwa wale bakteria wasioonekana ambao wakikosa oksijeni huacha kazi na kutuachia amonia. Hesabu ya mwezi ikawa hivi: pampu ya maji haifiki uniti 13, pampu ya hewa usiku na mchana haifiki 11 hata ukiacha sola kando. Jumla haifiki 24, badala ya 65. Ukiongeza 48 za nyumba, tuko chini ya 75.

Mtihani ulikuja siku chache kabla ya kipaimara. Umeme ulikatika jioni na haukurudi hadi asubuhi. Kitanda kilinyamaza, friji likanyamaza, mtaa mzima ukawa giza. Tuliwapunguzia perege chakula, kwani samaki aliyeshiba huhitaji hewa zaidi. Alfajiri, saa ile ile ya kumi, nilitoka nikamkuta mama mkwe ameshatangulia na kigoda chake. Mapovu yalikuwa yanapanda. Perege walikuwa chini, kila mmoja mahali pake, hakuna mdomo uliokuwa nje. Alinionyesha kwa kidole bila kusema neno, nami nikaenda kuwasha jiko la mkaa.

Kipaimara kilifanyika. Mchele ulionusurika ulipikwa pilau, ndugu wakaongeza uliopungua, na mchicha wa kitanda kipya ulitosha meza zote. Kabla hajapanda basi la Mwanza, mama mkwe alimwachia mjukuu wake agizo la kulilowesha na kulisugua jiwe la hewa kila linapoonyesha dalili ya kuziba.

Mgao ulianza kulegea mwaka 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, ulipoanza kuzalisha umeme mwezi Februari. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo nguzo huanguka, transfoma huungua, uniti huisha usiku wa manane, na tangi la samaki lina oksijeni ya kuhesabu kwa saa, si kwa siku. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu akuaponiki ndogo, linashauri wanaoanza wasizidi kilo 20 za samaki kwa lita 1,000, na oksijeni isishuke chini ya miligramu 5 kwa lita. Sisi tulikuwa na 12, na bado saba walikufa, kwa sababu pumzi yao yote ilifungwa kwenye mashine moja kubwa.

Nimekutana na nyumba nyingi jijini zilizoacha ufugaji huu baada ya asubuhi kama ile yetu, tangi limegeuzwa la kuhifadhia maji, kokoto zimemwagwa njiani. Inaniuma, kwa sababu mboga ni nzuri, samaki ni lishe ya watoto, na kinachokosekana ni kidogo mno. Kwa hiyo nawasihi wanaotaka kuanza: tenganisheni hewa na maji. Maji yapandishwe kidogo, kwa bomba pana, na yapumzike. Hewa isipumzike kamwe, iwe na betri yake, na pampu yake itundikwe juu. Kabla hujanunua kifaranga hata mmoja, nunua pampu ya hewa na betri. Pampu ya maji inaweza kungoja mshahara ujao.